Shimo Lenye Umbo la Bi Najla

Inatangazwa kwa Waswahili wote wa London, wa kaskazini ya mto na wa kusini yake, walio kazini na walio kwenye likizo ya ugonjwa isiyo na ugonjwa, kwamba Bwana Abdulwakil, dereva wa basi, mkaazi wa Edmonton, mzaliwa wa Wete, amefanikiwa kutengeneza kwa mikono yake mwenyewe shimo lenye umbo la shangazi wa mkewe. Shimo hilo lina urefu wa kidole gumba. Mwanga ukiingia hautoki. Wenye moyo dhaifu wanaombwa walitazame kwa upande.

Tangazo hilo lilirushwa na katibu wa jumuiya kwenye kundi letu la WhatsApp, baina ya tangazo la maulidi na tangazo la mtu anayeuza friza. Kwa kuwa nusu ya kundi walidhani ni habari ya msiba, na bwana mmoja wa Peckham alishaanza kuuliza maziko ni saa ngapi, imebidi mambo yaelezwe yalivyokuwa.

Abdulwakil ni mtu wa kawaida kiasi kwamba ukimtafuta kwenye picha za harusi utamkuta katika zote, na humkumbuki katika hata moja. Alikuja nchi hii kijana. Akabeba maboksi kwenye maghala ya Edmonton mpaka mgongo ukamlalamikia, akasomea udereva, na tangu hapo anaendesha basi la ghorofa mbili kwenda Tottenham na kurudi, huku watu wazima wakimlaumu yeye binafsi kwa mvua. Mkewe ni Suad, karani wa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, mwanamke ambaye anaweza kukwambia "ombi lako limepokelewa" kwa namna ambayo unajua hutaliona tena. Mwana wao ni Riyadh, anayeelewa Kiswahili chote isipokuwa sentensi zinazoanza na "nenda kaoshe".

Balaa lilianza kwa Riyadh. Alipokuwa mdogo, baba yake alimnunulia kwenye duka la mitumba sanduku la vijisanamu vya askari, vile ambavyo mtu anatakiwa avipake rangi mwenyewe. Riyadh alilitazama sanduku, akashukuru kwa Kiingereza, akarudi kwenye simu yake. Baba mtu akaona haya kulirudisha dukani. Akatafuta brashi.

Askari wa kwanza alitoka amefanana na mwalimu mkuu wake wa skuli ya Wete, macho na kila kitu, mpaka Abdulwakil akawa anamgeuza uso ukutani wakati wa kula. Hapo angeacha mtu mwenye akili timamu. Yeye akajiunga na klabu. Tottenham kuna klabu ya Waingereza wastaafu wanaopaka vijisanamu, na mjadala wao wa jioni nzima unaweza kuwa soksi za askari wa vita vya zamani vya Waterloo zilikuwa nyeupe au nyeupe iliyochoka. Abdulwakil alikaa miongoni mwao kwa adabu, akanywa chai yao isiyo na hiliki, akajifunza kila kitu walichokijua. Kisha akachoka na askari. Akaanza kufinyanga kwa udongo mgumu watu anaowabeba kwenye basi lake: nesi aliyelala viatu mkononi, mchungaji na spika yake kubwa kama kabati, bwana aliyepanda na godoro na kudai kwamba godoro halilipi nauli.

Watu hawa walianza kwenye pembe ya meza ya kulia. Mwaka uliofuata wakashika nusu. Hivi sasa meza yote ni yao, na wenye nyumba wanakula kwenye kochi, sahani magotini, kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Siku mchuzi wa pweza ulipomwagika kochini, Suad hakupaza sauti. Ndani ya ndoa hiyo, upole huo ni ving'ora.

"Wakili," alisema, maana ndivyo anavyomwita, "hawa wenzio wa klabu wana mashindano yao, si ndiyo?"

"Mwezi ujao."

"Basi nenda kashinde. Kombe, kikombe, hata kisahani. Ukirudi na kitu, meza yako mpaka kufa. Ukirudi mikono mitupu, Idd hii nakula mezani kama binaadamu, na hawa wanao wanapanda darini."

"Darini kuna unyevu, Suad."

"Si umewapaka makoti? Wavae."

Mtu mwingine angetafuta kitu chepesi cha kushindia. Abdulwakil akaamua kumfanya Bi Najla.

Bi Najla ni shangazi yake Suad, dada wa marehemu baba yake, na kwa Wazanzibari wa Edmonton yeye ni kitu baina ya hakimu na kituo cha redio. Heshima yake yote iko kwenye buibui. Wengine mabuibui yao huanza meusi, na baada ya miezi ya mashine ya kufulia ya Kiingereza yakawa na rangi ya majivu. La Bi Najla halipauki. Analifua kwa mkono, ndani nje, kwa maji baridi, analianika bafuni dirisha limefungwa, na akimwona mwenzake kavaa la kijivu humpa pole kama aliyefiwa.

Siku moja ya mvua Abdulwakil alifika kituoni na basi lake, akakuta foleni nzima imejikunja kama shati lililotupwa. Katikati yao alisimama Bi Najla, ametoka harusini, wima, trei ya biriani iliyofunikwa karatasi ya fedha mikononi, buibui jeusi linang'ara kwa maji. Alipanda, akagusisha kadi yake, akamwambia dereva mbele ya abiria wote, "Umekonda, mwanangu, mkeo hakupi chakula?" Abdulwakil akafunga mlango. Alijua amepata sanamu yake.

Alimfinyanga kwa wiki kadhaa. Uso ulikuwa ule ule, wenye kukuuliza ulikuwa wapi. Karatasi ya fedha aliiondoa, biriani likawa na punje. Lakini kazi hasa ilikuwa kwenye buibui: alichonga kwa sindano kila mkunjo, pale kitambaa kinapoanguka begani, kinapokamatwa na kiwiko, kinapokusanyika juu ya kiatu. Mikunjo ile ungeweza kuiposa.

Ikabaki rangi.

Mwenyekiti wa klabu na jaji mkuu wa mashindano ni Tom, mstaafu wa reli mwenye ndevu nyeupe, anayetembea na kioo cha kukuzia shingoni na tochi mfukoni. Tom alimweleza sheria. "Abdul," alisema, kwa sababu Waingereza hawana subira ya jina zima, "hakuna anayepaka nyeusi kwa nyeusi. Kitu kidogo hivi ukikipaka nyeusi tupu, mikunjo inakufa. Unapaka kijivu cha giza, unaongeza buluu kwenye kingo, jicho linadanganyika."

Abdulwakil alifuata, akapaka kijivu na buluu. Ikatoka vizuri mno. Akamwonyesha mkewe.

"Nani huyu?"

"Shangazi yako."

"Shangazi havai kijivu." Suad alikiinua kijisanamu karibu na taa. "Wakili, akiliona hili hatokusamehe, na mie ataniuliza nafua kwa sabuni gani. Mpake jeusi."

"Nimempaka jeusi."

"Jeusi lake."

Ndipo Abdulwakil akaagiza ile rangi. Iko rangi nyeusi, ndugu wa ile wanayopaka ndani ya darubini za kutazamia nyota, ambayo kazi yake ni kumeza mwanga na kutorudisha chenji. Ilikuja kwenye chupa ndogo yenye onyo: ikishakauka, isiguswe kabisa, hata kwa kidole kisafi. Aliipaka Jumamosi, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, amebana pumzi. Ikiwa mbichi iling'aa kama lami iliyonyeshewa. Kisha ikaanza kukauka, na Bi Najla akaanza kuondoka. Ulikwenda mguu. Ukaenda mkono hadi kwenye kifundo. Bega likaenda na mikunjo yake yote ya sindano. Saa ya alasiri mezani palibaki uso, mikono miwili na trei ya biriani, vimening'inia hewani, na baina yao kipande cha usiku kilichokatwa kwa mkasi.

Riyadh alipita na bakuli la nafaka za asubuhi, maana yeye hula za asubuhi wakati wowote. Alitazama, akasema kwa Kiingereza chake kwamba baba amemfuta shangazi, akaendelea na safari yake.

Abdulwakil aliinamia meza. Alikuwa anacheka peke yake, kimya kimya, mabega yakimtikisika. Miaka yote hii hakuwahi kuona kitu cheusi hivyo. Alikizungusha kushoto, kikawa shimo. Akakizungusha kulia, shimo vile vile. Alimulika tochi ya simu: tochi ndiyo iliyoonekana imeharibika. Furaha ilimpanda kichwani kiasi kwamba hakukumbuka kuwa majaji wanatoa alama kwa vinavyoonekana.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja la Kiafrika pale Tottenham, linalokodisha ukumbi wake siku zisizo za ibada. Bango la Jumapili halikuwa limeteremshwa, kwa hiyo juu ya jeshi zima la Waterloo, lililopangwa kwenye meza ndefu, paliandikwa kwa dhahabu kwamba huu ni mwaka wa kuinuliwa. Abdulwakil aliliona bango akalichukulia kuwa linamhusu.

Tom alifika kwenye kijisanamu cha Abdulwakil na majaji wenzake wawili. Akaweka kioo jichoni.

"Uso mzuri sana," alisema. "Mikono mizuri. Hii trei sijawahi kuona mfano wake, naona hadi zabibu." Akasogea. "Abdul, mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Huyo hapo."

"Naona vipande vyake."

"Amevaa buibui."

Tom alitoa tochi, akamulika. Akamulika kwa upande. Akaipiga tochi kiganjani, akamulika tena. "Hili ni shimo," alisema kwa upole, kama daktari.

"Ndani kuna mikunjo. Nimeichonga kwa sindano, mmoja mmoja."

"Nakuamini, rafiki yangu. Lakini siwezi kutoa alama kwa mikunjo unayoniambia." Aliandika kitu, na Abdulwakil aliyekaribia akaona kwamba ni sifuri ya duara safi, iliyopakwa vizuri. "Tunakwenda kunywa chai, tukirudi tunatangaza."

Abdulwakil alibaki na shimo lake. Alifikiria darini. Alimwona nesi wake na viatu mkononi, ukungu ukimwota puani. Alimwona mchungaji na spika, amelazwa chini ya masanduku ya nguo za baridi, hakuna wa kumhubiria. 

Mlango ukafunguliwa, akaingia Suad, aliyekuja kushuhudia meza yake ikirudi. Nyuma yake, wima, alikuwa Bi Najla. Alikuwa amesikia kwamba anatengenezewa sanamu, na hakuwa mtu wa kusubiri aletewe habari zake mwenyewe. Mkononi alikuwa na furushi la sambusa, kwa sababu haingii mahali mikono mitupu, na sambusa mbili alikuwa amezijaribu njiani kuhakikisha hazina neno.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Niko wapi?"

Abdulwakil alionyesha kwa kidole. Bi Najla akainama. Wale waliokuwa karibu wanasema alikaa hapo muda wa mtu kusoma barua ya uhamiaji kutoka Home Office.

"Huyu ndo mie?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona sina kiwiliwili?"

"Kipo. Ila buibui jeusi sana."

"Jeusi kuliko langu?"

Suad aligeuka akaanza kulisoma bango la kanisa kwa makini ya muumini mpya. Bi Najla akaweka mkono wake mwenyewe, na mkono wa buibui lake lisilopauka, karibu na kijisanamu, akalinganisha. Kwa mara ya kwanza tangu lifuliwe katika nchi hii, buibui la Bi Najla lilionekana la kijivu.

Watu walisogea karibu.

"Mashaallah," alisema. "Hili ndo buibui. Halionyeshi kitu. Wasichana wa siku hizi wanavaa mabuibui ukamhesabu mtu mbavu." Akatabasamu, akanyoosha mkono, na kwa namna ambayo wanawake wetu wamefanya mbele ya kila mwenye duka la nguo tangu maduka yalipobuniwa, akalikamata buibui baina ya kidole gumba na cha shahada, akalipikicha. "Kitambaa gani hiki?"

Maneno yaliyomtoka Abdulwakil yalikuwa ya lugha mbili, na hakuna hata moja lililofika mwisho.

Bi Najla alipikicha bega. Akapikicha kiwiko, maana kitambaa cha hila hujulikana kwenye kiwiko. Akashuka na pindo lote kwa kidole gumba, polepole, kama anayetafuta mshono mbovu, na kidole hicho kilikuwa bado na mafuta ya sambusa.

"Kizito," alitoa hukumu. "Kitamtia mtu joto. Si cha Dubai hiki."

Abdulwakil alikaa kwenye kiti kisichokuwa chake. Rangi isiyoguswa ilikuwa imeguswa mpaka ikakoma. Hakutazama. Kwa hiyo aliyeona kwanza alikuwa Suad, ambaye aliacha kusoma bango.

"Wakili," alisema. "Hebu mtazame Shangazi."

Pale kidole kilipopita palikuwa pamelainika na kupata mng'ao mdogo. Kwa kuwa kidole hakifiki chini ya mkunjo, kilikuwa kimegusa migongo ya mikunjo tu. Katikati ya shimo ukatokea mstari mwembamba wa bega. Kiwiko kikachomoza. Pindo likaanguka juu ya kiatu, mkunjo kwa mkunjo, kila mmoja ule aliouchonga kwa sindano, na baina yao giza lilibaki vile vile halina mwisho. Bi Najla wa udongo alikuwa amesimama kwenye mvua, buibui lake linang'ara kwa maji, jeusi kuliko la yeyote.

Tom alirudi na kikombe chake. Akapita, akasimama, akarudi kinyumenyume. Alitoa tochi lakini hakuiwasha.

"Umefanya nini?"

"Sikufanya mie. Ni shangazi yake mke wangu. Ni mafuta ya sambusa."

Tom alimpiga bega. "Kila fundi ana siri yake," alisema, akachukua sambusa.

Wakati huo mwenye siri alikuwa ameshahama. Bi Najla hawezi kuona kitambaa akakinyamazia, na mezani palikuwa na jeshi zima lililovaa. Alipikicha joho la mpanda farasi. Alipikicha koti la jenerali. "Na hiki?" alimuuliza mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amekuja mbio kumwokoa mpiga ngoma wake.

"Anauliza kitambaa gani," Suad alitafsiri.

Mzee, kwa mshangao wa kuulizwa jambo ambalo amelisomea nusu ya maisha yake, alisimama wima. "Sufu," alisema. "Iliyotiwa rangi kabla ya kufumwa."

"Mwambie mshonaji kamwibia begani."

"Anasema ni nzuri sana," alisema Suad wa kaunsili.

Mzee akafikiri kidogo. Kisha akakohoa, akauliza kama mama angeweza kulipikicha na koti la mpiga tarumbeta, upande wa kushoto tu. Nyuma yake ilishaanza foleni.

Kombe ni la bati, na mpini wake mmoja uling'oka zamani. Tom aliikata ile sifuri, akamkabidhi Abdulwakil kombe hilo kwa hotuba, akasema katika miaka yake yote hajaona mtu aliyepaka giza kwanza, kisha akaitafuta nguo ndani yake. Walipiga makofi, vidole vyao vyote vinang'aa mafuta. Abdulwakil alijaribu tena kusema si yeye, Suad akamkanyaga mguu.

Suad ni mwanamke wa ahadi. Meza ni ya Abdulwakil, na katikati yake, mbele ya nesi na mchungaji na bwana wa godoro, amesimama Bi Najla na trei yake, kombe liko nyuma yake kama msikiti. Siku ya Idd wageni walijaa nyumba nzima, Suad akawatazama wale wa mezani, akashusha pumzi, akatandika mkeka. Watu wakala chini, wakala vizuri, na Bi Najla akasema kula mezani ni mambo ya kuiga.

Jioni ile ile katibu wa jumuiya alirusha lile tangazo lake kwenye kundi. Kisha, akiona halitoshi, akatuma na ujumbe wa sauti, mrefu, wenye kikohozi katikati. Alisema ndugu yetu amefika pale wengi wasipofika. Alitaja uhamisho wetu, heshima ya mama zetu na weusi kama vazi la utu. Mwisho alimwomba Abdulwakil, kwa niaba ya kizazi hiki na kijacho, awaeleze Waswahili wa London ni kitu gani kilichokuwa moyoni mwake alipoamua kulitafuta giza hilo.

Kundi zima likashika simu. Juu ya simu pakaandikwa kwamba Abdulwakil anaandika. Pakafutika. Anaandika tena. Bwana wa Peckham alituma mikono miwili ya dua.

Jibu likaingia.

"Nilikuwa nagombea meza."